Marehemu Aliyehudhuria Msiba Wake

Haya, kaeni vizuri. Aliye mbali asogee, mwenye la kutafuna atafune polepole, na mwenye haraka zake aondoke sasa hivi, kwa sababu hadithi hii haimwachi mtu aende nyumbani bila kufanya kazi. Mimi nasimulia, nyinyi mnaamua. Tumekubaliana? Basi.

Palikuwa na ofisi ndogo mjini Morogoro, juu ya duka la vyandarua. Lilikuwa tawi la kampuni ya habari iitwayo Kibatari, yenye makao makuu Dar es Salaam. Kibatari hawakuchapa gazeti wala hawakuwa na redio. Habari zao zilisomwa na kutazamwa kwenye simu. Mhariri wa tawi alikuwa Bi Tunu Kunambi, mama wa makamo, mpole wa sura, mkali wa nukta na mkato. Chini yake walikuwapo watu watatu, na kila mmoja alikuwa na kipaji chake.

Wa kwanza ni Asteria Mloka, mwandishi. Kipaji chake kilikuwa kunyamaza. Msicheke. Wapo waandishi wanaouliza maswali mpaka mtu anakimbia, lakini Asteria aliuliza swali moja tu, kisha akatulia, akakutazama kwa upole, na wewe ukajikuta unamweleza mambo ambayo hata mkeo hajui.

Wa pili ni Hassani Mzeru, mpiga picha. Kipaji chake kilikuwa miguu na macho. Hakuna njia iliyomshinda na pikipiki yake, iwe ya matope au ya mawe, na hakuna jambo lililotokea mbele yake kamera ikiwa imelala mkobani.

Wa tatu ni Sayi Maduhu, binti wa Kisukuma kutoka Bariadi, aliyepandisha habari mtandaoni na kujibu wasomaji. Kipaji chake kilikuwa ulimi. Mtu aliandika tusi asubuhi, Sayi akamjibu, na kufika mchana yule mtu anauliza kama Sayi ameshakula.

Watu hodari, sivyo? Lakini uhodari haukuwasaidia kitu mwaka ule. Matangazo ya biashara yalikuwa yamehama, watu walitazama vichekesho vya bure badala ya habari, na Kibatari ikaanza kufunga matawi. Wenzao wa Iringa walipata ujumbe wa kuachishwa kazi wakiwa wanakunywa chai, wakamaliza chai na kazi kwa pamoja. Hapo Morogoro hofu ilikuwa imeshaingia ofisini na kuvuta kiti. Asteria, ambaye mama yake alikuwa akimtegemea kwa dawa, alianza kuulizia bei ya cherehani. Sayi aliacha kula mchana, akisema amefunga, na wala haukuwa mwezi wa kufunga. Mkataba wa Hassani ndio uliotangulia kwisha, na haukuongezwa. Asubuhi ninayoisimulia alikuja ofisini kurudisha kamera tu.

Asubuhi hiyohiyo Tunu alipigiwa simu na mkurugenzi, Bwana Eliamani, kutoka Dar es Salaam.

"Bi Tunu, sina habari nzuri. Tawi lenu tunalifunga mwisho wa mwezi. Naomba uwaambie wewe mwenyewe, wewe ndiye uliyezoeana nao."

Tunu alikata simu, akakaa. Aliwatazama vijana wake kupitia mlango wa kioo. Awaambie nini? Aanze na nani?

Ndipo mlangoni akaingia Mzee Luhende.

Huyu Luhende alikuwa Mnyamwezi, muuza asali ya Tabora pale sokoni, na rafiki yake mkubwa mjini alikuwa Mluguru mmoja, Mzee Kaspari Kobelo, mwenye kiwanda cha mikate. Morogoro nzima ilikula mikate ya Kobelo. Sasa, kwa asiyejua: Wanyamwezi na Wasukuma ni watani wa Waluguru. Mtani ana ruhusa ambazo hata ndugu hana. Anaweza kukuita mwizi mbele ya wakweo. Anaweza kuja kwenye mazishi ya baba yako akaingia kaburini akalala, akagoma kutoka mpaka apewe kitu. Na wewe huruhusiwi kukasirika. Ukikasirika, wewe ndiye uliyekosa adabu. Lakini mtani huyohuyo ni mtu wa kazi. Penye msiba ndiye anayepeleka habari, ndiye anayehangaika na turubai, ndiye anayewachekesha wafiwa wasizimie.

Asteria ndiye aliyekuwa mapokezi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja na kilio. Mtani wangu Kobelo katutoka."

"Mungu wangu! Mzee Kobelo wa mikate?"

"Huyohuyo. Ghafla tu, huko milimani Mgeta kwa shemeji yake. Andika, mwanangu. Andika kwamba alikuwa bahili lakini mikate yake ilikuwa mikubwa."

Macho ya mzee yalikuwa mekundu na machozi yalimtiririka. Alikuwa amejipaka kitunguu; hakuwa mtu wa kufanya mambo nusunusu. Asteria aliandika kila kitu, akaacha tu lile neno la ubahili. Mwandishi asiyejua utani angeomba namba ya simu ya mke wa marehemu ahakikishe kwanza. Asteria alijua utani, akaona mtani kuleta habari ya kifo ni jambo la kawaida kabisa, na ndiyo maana hakuomba.

Kibatari walikuwa na desturi yao: tangazo la kifo lazima mhariri alisome kwa sauti kabla halijatoka, jina kwa jina, ili lisikike kama litakavyosikika masikioni mwa wafiwa. Tunu akalisoma. Midomo ilisoma, akili ilikuwa Dar es Salaam. "Sawa," akasema, "litoke." Sayi akalipandisha.

Kabla chai haijapoa, mji ulikuwa umeshavurugika. Kule kiwandani walizima matanuri, wakakaa chini wakilia kwenye magunia ya unga. Majirani walibeba viti na sufuria kwenda kwa Kobelo. Fundi seremala alishaanza kupiga randa mbao za jeneza bila kuambiwa na mtu. Mke wa Kobelo, Mama Apolonia, hakulia. Alikaa kwenye mkeka, macho yameganda, akiwa ameshika fulana ya mumewe iliyokuwa bado haijafuliwa. Nawaambia hivyo ili msije mkadhani jambo hili lilikuwa la kuchekesha tangu mwanzo.

Kisha mpwa wa Kobelo akapiga simu ofisini.

"Nyinyi Kibatari, mwili wa mjomba uko wapi? Tumepiga hospitali zote, hakuna. Mgeta kwenyewe simu hazipatikani. Nani amewaambia amekufa?"

Asteria alimweleza Tunu. Wakilifuta tangazo, na kumbe mzee amekufa kweli, watakuwa wamewatukana wafiwa. Wakiliacha, na kumbe yu hai, watakuwa wamemzika mtu angali anapumua.

Simu ya pili ilikuwa ya mkurugenzi.

"Bi Tunu, nasikia huko mmetangaza kifo ambacho ndugu hawakijui. Sikiliza. Kama mtu huyo yu hai, sisubiri mwisho wa mwezi. Leo jioni nafunga, na kila mmoja wenu ataondoka kwa kosa, bila kiinua mgongo wala barua ya kumsifu. Akienda kutafuta kazi kwingine, watanipigia mimi."

Hapo Tunu akawaambia yote, la kufungwa kwa tawi na hilo la jioni. Sasa tazameni walivyofanya wale watatu.

Asteria alivaa khanga, akaenda msibani. Nani unadhani alimkuta mbele kabisa, kwenye kiti cha heshima, akibembelezwa na kuletewa uji? Mzee Luhende! Mzaha wake ulikuwa umemshinda nguvu. Alitegemea Kibatari wapige simu kwa familia, wacheke, mambo yaishe. Sasa mji mzima unalia, na yeye anaogopa kusimama aseme alikuwa anatania. Ndugu wa Kobelo walikuwa wamembana kwa maswali, naye alijibu kwa kulia zaidi, maana kitunguu kilikuwa bado kimo mfukoni. Asteria hakumuuliza kama wao. Alikaa chini karibu na kiti chake, akasema, "Pole, baba. Mlionana lini mara ya mwisho?" Kisha akanyamaza. Mzee akalia. Asteria akanyamaza. Mzee akanywa uji. Asteria akanyamaza tu, akimtazama kwa huruma, mpaka uji ukaanza kumpalia. Mwishowe Luhende aliinama akamnong'oneza, "Binti, mtu ukimuua halafu hajafa, unafanyaje?" Akasema yote: Kobelo yu mzima wa afya, yuko Mgeta, kitongoji cha juu kabisa, kwa shemeji yake mkulima wa kabichi, ambako simu ni ya kutazamia saa tu. Hakuna mwingine duniani aliyeujua ukweli huo, na hakuna mwingine ambaye angeambiwa. Lakini kwa neno la mzee wa kitunguu peke yake, Asteria hakuthubutu kumpa Mama Apolonia tumaini kabla Kobelo hajaonekana.

Asteria alipompigia Tunu, Hassani alikuwa amesimama na kamera mkononi, hajui aiweke wapi. "Dada Tunu," alisema, "mimi si mfanyakazi wenu tangu jana, hilo kosa halinihusu. Lakini pikipiki ni yangu na mlima naujua." Akaenda. Mvua ilikuwa imenyesha milimani na malori ya kabichi yalikuwa yamezama kwenye tope, madereva wamekaa wanasubiri jua. Hassani alipita pembeni, alipita shambani, mahali pengine aliisukuma pikipiki kama anasukuma ng'ombe mkaidi. Alimkuta Mzee Kobelo kwenye tuta, amevaa mabuti ya mpira, amekumbatia kabichi kubwa. Kwanza akampiga picha. Ndipo akamsalimu.

"Shikamoo, mzee. Samahani, mjini wewe ni marehemu."

"Nani kasema?"

"Sisi, Kibatari. Tumeletewa habari na Mzee Luhende."

Kobelo aliweka kabichi chini. "Mke wangu amesikia?"

"Amesikia."

Hapo uso wa mzee ukabadilika. Alipanda pikipiki na mabuti yake, bila kuaga mtu. Hassani aliendesha kwa uangalifu ambao hajawahi kuwa nao, kwa sababu marehemu akianguka akafa njiani, nani angeamini? Angechelewa hata kidogo, kesi ingefika polisi, maana mpwa wa mzee alikuwa ameshawasha gari.

Walipofika Mlali, chini ya mlima, simu ya Kobelo ikapata mtandao. Ilitetemeka mfululizo kwa salamu za rambirambi. Mzee alimpigia mkewe, lakini Mama Apolonia simu yake ilikuwa imezimwa chini ya mto. Basi akapiga Kibatari, na aliyepokea ni Sayi.

"Luhende ni mtani wangu," mzee alifoka, "ana haki ya kuniua atakavyo. Nyinyi je? Nyinyi ni watani wangu wa wapi? Naenda kwa wakili sasa hivi. Hata nyumbani sipiti!"

Tunu alinyoosha mkono apewe simu, tayari kuomba radhi kiofisi, kwa yale maneno makavu ya kwenye barua. Sayi akamgeuzia mgongo.

"Mzee, mimi naitwa Sayi Maduhu, wa Bariadi. Msukuma mtupu. Mkono uliolipandisha tangazo ni huu wangu. Kwa hiyo umeuawa na mtani, tena kihalali."

"Na tumeshachinja mbuzi wako," Sayi akaendelea, "ubwabwa uko jikoni. Mluguru gani wewe, unakufa halafu unarudi kutudai nyama? Huo ubahili umezidi!"

Kule Mlali Hassani aliona mabega ya mzee yanaanza kutikisika. Alidhani analia. Alikuwa anacheka, tena kwa sauti, mpaka akashika nguzo ya duka asianguke. Angeanza kukasirika tena angekuwa yeye ndiye aliyevunja utani, na Kobelo hakuwa mtu wa kuvunja utani. Kisha Sayi akashusha sauti, akasema bila mzaha, "Baba, tumekosa. Mama amekaa kwenye mkeka, halii, haongei. Wakili atakuwapo hata kesho. Twende kwa mama kwanza." Mzee akafuta macho. "Twende," akasema. "Na huyo Luhende msimwambie nakuja."

Mengine mnayaona wenyewe mbele ya macho yenu. Kobelo alipofika getini, Sayi alifuta tangazo, akaweka picha ya Kobelo na kabichi yake, na chini akaandika radhi fupi isiyojitetea, kisha akawaambia watu watazame yanayotokea msibani. Hassani alirusha mubashara kutoka getini. Marehemu aliingia msibani kwake na mabuti ya tope. Kina mama waliokuwa wanamenya ndizi walitupa visu wakakimbia. Padri akafanya ishara ya msalaba, halafu akafanya tena. Mzee Luhende alipoinua macho, kitunguu kikamdondoka, akainuka atoroke, lakini Kobelo alikuwa ameshalala chali katikati ya njia, mikono kifuani.

"Hupiti!" alisema. "Mimi maiti, nimelala. Nilipie ndipo uende!"

Luhende alivua kofia, akavua koti, akatoa chupa ya asali, vyote akaviweka juu ya kifua cha mtani wake, na watu wakapiga vigelegele mpaka turubai likatikisika. Kila aliyekuwa na simu, kuanzia Kigoma hadi Mtwara, alikuwa anatazama.

Mama Apolonia hakucheka. Alikuja polepole, akamshika mumewe mkono, akaupapasa kuanzia kiganjani hadi kwenye kiwiko. Akasema, "Umekanyaga mkeka wa watu na matope." Ndipo machozi yakamtoka. Hapo Hassani aliigeuza kamera ikatazama ukuta, na huo nao ni ufundi.

Tunu alikuwa amesimama kwenye ngazi za ofisi, juu ya duka la vyandarua, akitazama kwenye simu yake. Alicheka peke yake kama mwendawazimu, akakaa kwenye ngazi, akalia, akacheka tena. Alikuwa hajui kwamba mwili wake umekaza kiasi hicho mpaka ulipoachia.

Jioni ilipita bila mkurugenzi kupiga ile simu ya kufunga tawi. Kesho yake Kobelo alikuja ofisini na trei la mikate ya moto, Luhende akimfuata nyuma bila koti, maana alikuwa bado hajarudishiwa. Kobelo, aliyekuwa ameshasikia habari ya tawi kufungwa, akampigia mkurugenzi mbele ya wote, akaweka sauti ya wazi.

"Bwana Eliamani, mimi ndiye yule maiti. Nataka mikate yangu itangazwe kwenu kila siku, miaka miwili. Lakini tawi la hapa lisifungwe. Mkilifunga, siku nikifa kweli nani atanitangaza? Na nani atamwamini?"

Mkurugenzi, ambaye jana sauti yake ilikuwa ya radi, leo ilikuwa ya asali yenyewe. Alimsifu marehemu, akawasifu vijana, kisha akamwomba Bi Tunu azime ile sauti ya wazi.

"Bi Tunu, tawi linabaki, na wewe unabaki. Hakuna atakayefukuzwa, hilo wape moyo. Ila bajeti inanipa nafasi moja tu ya mkataba wa kudumu, yenye bima na likizo. Wawili watakaobaki watalipwa kwa kila habari wanayoleta. Nimewaza, nimeona tuzo hiyo apewe aliyeokoa tawi. Ni nani? Nipe jina, nasubiri kwenye simu. Moja, usinipe mawili."

Tunu aliziba simu kwa kiganja, akawaambia. Kwanza walishangilia, maana jana walikuwa hawana hata hicho cha kulipwa kwa habari. Walikumbatiana, wakamega mkate. Halafu polepole mikono ikaacha kumega.

"Mimi nisijisifu," alisema Asteria, "lakini bila mimi mngejua Mzee Kobelo yu hai? Mngemtuma Hassani mlimani kufuata nini? Mzee Luhende hakumwambia mtu mwingine."

"Ni kweli," alisema Sayi, "lakini aliyepokea lile tangazo bila kuuliza ni nani? Wewe ulizima moto uliouwasha mwenyewe."

"Na mhariri akalisoma tangazo kwa sauti," Asteria alijibu taratibu, "na wewe ukalipandisha."

Tunu ndiye aliyekuwa jicho la mwisho, na alilijua hilo kuliko wote.

"Mimi sikuwa hata mfanyakazi," alisema Hassani. "Ningeweza kuweka kamera mezani nikaenda kulala. Nimekwenda kwa petroli yangu. Angechelewa huyu mzee, mngekuwa polisi. Na ile video iliyoonekana nchi nzima, aliyeshika kamera ni nani?"

"Lakini umemleta akiwa na hasira za wakili," Sayi akamkumbusha. "Ungetuletea kesi kwenye pikipiki. Mimi ndiye niliyezizima, tena kwa simu moja."

"Ulizizima kwa kabila lako," Hassani akacheka. "Ungekuwa Mchaga ungefanyaje? Kuzaliwa Bariadi nako ni kazi?"

"Wasukuma tuko wengi, kaka. Hao wengine wangejua kusema nini na lini?"

Wazee wawili walikuwa wamekaa kwenye benchi wakisikiliza. Luhende akasema apewe Asteria, kwa sababu ukweli aliomtoa yeye Luhende kinywani ulikuwa umekwama kama mfupa. Kobelo akasema hasha, apewe Sayi, kwa sababu yeye ndiye aliyemrudisha nyumbani kwa mkewe badala ya kwa wakili. Mama Apolonia, ambaye alikuwa amekuja kuhakikisha mumewe haendi mbali, aliwashangaa wote. "Na aliyeniletea mwili wenyewe," alisema, "ukiwa na joto?"

"Bi Tunu," ikasema simu chini ya kiganja, "upo?"

"Nipo, mkurugenzi."

"Nasikiliza. Jina?"

Kati ya vijana watatu hakuna aliyekuwa na hasira. Walikuwa wamepata nafuu kubwa mno hata wasiweze kuchukiana. Lakini kila mmoja alikuwa akimtazama Tunu, na Tunu aliyaona macho yote matatu kwa wakati mmoja. Akaondoa kiganja kwenye simu, akavuta pumzi, akafungua mdomo.

Na mimi namwacha hapohapo, mdomo wazi. Msinung'unike. Kila ninaposimulia hapa, yupo mmoja anayenyoosha mkono aseme wagawane. Mheshimiwa, umesikia mkurugenzi amesema moja. Mwingine husema apewe mwenye shida zaidi, lakini hakuulizwa mwenye shida, kaulizwa aliyeokoa. Nyie mmemjua aliyeuchimbua ukweli baada ya kuuzika. Mmemjua aliyepanda mlima wakati hadaiwi jasho na mtu. Mmemjua aliyezima hasira bila kuinuka kitini. Ukimtoa mmoja wao, wengine wawili wamefanya kazi ya bure.

Simu iko hewani, mkurugenzi anasubiri. Wewe ungekuwa Tunu, ungelitaja jina la nani, na hao wawili wengine ungewatazamaje usoni?